Pima hidrojeni kwenye Excel kabla hujanunua mtungi

Mteja wa Likoni akisikia paneli za sola, betri na mtungi wa hidrojeni wa kuwekea umeme wa jua uliozidi, swali lake huwa bei. Langu huwa jua la Mei. Kabla hujatoa shilingi, jenga mfumo wote kwenye Excel, saa baada ya saa, mwaka mzima: mistari 8,760. Tuchukue kibanda cha friza za samaki kisicho na stima ya gridi, kinachokula kilowati 0.5 usiku na mchana, yaani yuniti 12 kwa siku.

Data ya jua ipo PVGIS, tovuti ya Tume ya Ulaya, tena bure. Bofya Mombasa kwenye ramani, chagua data ya kila saa, weka paneli za kilowati 5, uombe ikuhesabie umeme wake. Hapo kuwa macho, kwani ukurasa ule umepangiwa watu wa Ulaya. Kwao mwelekeo wa paneli 0 ni kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta, paneli zitazame kaskazini, basi andika 180. Mwinamo nyuzi 10 unatosha, mvua ipate kuzisafisha. Saa nazo ni za UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele, kwa hiyo jua la utosini utalikuta kwenye mstari wa saa 09. Friza haijali, lakini ukiongeza taa za usiku bila kusogeza saa, hesabu yote inapinda.

Sasa kanuni. Kila saa toa matumizi kwenye umeme wa paneli. Umeme ukibaki, jaza betri kwanza; betri ikijaa, ziada iende kwa elektrolaiza, mashine inayotoa hidrojeni kwenye maji kwa umeme. Ukipungua, betri ishuke mpaka asilimia 20, ndipo seli ya hidrojeni, inayogeuza gesi kuwa umeme tena, iwashwe. Mpangilio huo una sababu: kutengeneza kilo moja ya hidrojeni hula yuniti 55 hivi, na seli hukurudishia kama 16. Betri ya lithiamu hurudisha karibu asilimia 90. Safu K, ya mtungi wa kilo 1, ikiwa H ni umeme ulioingia elektrolaiza na J uliotoka kwenye seli, ni hii:

=MAX(0,MIN(1,K2+H3/55-J3/16))

J nayo izuie isizidi K2*16, la sivyo seli itatoa umeme wa hewa.

Wauzaji wengi huanza Januari mtungi ukiwa umejaa, na mwaka mzima unaonekana mzuri. Wewe chukua kiasi kilichobaki Desemba, kiweke mwanzo, urudie mpaka viwiane. Ukiona mtungi unazidi kupungua kila mzunguko, unakula mtaji.

Ongeza safu ya saa ambazo friza zimekosa stima, kisha nenda moja kwa moja Mei hadi Julai, mwisho wa masika na mawingu yanayofuata. Ongeza na safu ya maji: lita 9 kwa kilo, safi yasiyo na madini. Ya kisima chetu cha chumvi hayafai bila kuchujwa.

Mwisho futa safu za hidrojeni, ongeza paneli na betri za bei ileile, uendeshe tena. Huku kwetu hakuna majira marefu ya giza ya kuhifadhia gesi, na kwa mzigo mdogo kama huu, mie naona paneli za ziada ndizo hushinda.