Kusafisha Baiskeli Wakati wa Baridi Kali: Maji Machache, Kitambaa Kikavu

Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa kwamba chumvi hula chuma, kwa kuwa ameona mabati ya nyumba za ufukweni yakitoboka mapema, na ameona baiskeli inayolazwa karibu na bahari ikishika kutu kwenye spoku kabla tairi zake hazijaisha kashata. Jambo ambalo wengi wetu tuliohamia Minneapolis hatukulitarajia ni kuikuta chumvi hiyo hiyo katikati ya Marekani, mbali kabisa na bahari. Kuanzia Novemba hadi Machi, na baadhi ya miaka hadi Aprili, magari maalumu humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huchanganyika na theluji iliyosagwa na matairi ikawa uji wa kijivu, na gurudumu la mbele huurusha uji huo moja kwa moja kwenye mnyororo, kwenye kranki na chini ya fremu. Hata anayepita kwenye njia ya baiskeli ya Midtown Greenway, ambayo husafishwa theluji, lazima akatize barabara za magari kabla ya kufika anakokwenda.

Kabla ya kushika kitambaa, yafaa kuelewa uharibifu unavyotokea, kwa sababu makosa mengi hutokana na kudhani kwamba adui ni baridi yenyewe. Kutu huhitaji maji na hewa. Chumvi huiharakisha, na joto huiharakisha zaidi. Baiskeli iliyojaa chumvi ikilala nje kwenye nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri huharibika polepole sana, lakini ukiiingiza katika chumba chenye nyuzi 20, uji ule huyeyuka, hupenya kwenye kila pini na kila nati, na hapo ndipo kutu huanza kazi yake. Tena chumvi ya kawaida, ile ile ya jikoni, hupungukiwa nguvu barabarani baridi ikizidi takribani nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo siku za baridi kali hutumiwa pia kloridi ya magnesi na kloridi ya kalsi, ambazo huvuta unyevu kutoka hewani. Chuma chenye chumvi hizo kinaweza kuonekana kimekauka ilhali bado kina majimaji.

Majira yangu ya kwanza ya baridi niliifanyia baiskeli yangu wema uliokaribia kuiua. Kila jioni niliibeba hadi ghorofa ya pili, nikaiegemeza kando ya redieta, yaani kile chombo cha kupashia chumba joto, ili isipigwe na baridi, kisha nikalala nikijihesabu mtunzaji hodari. Ilipofika Februari mnyororo ulikuwa mwekundu, na viungo vyake vilikuwa vimekakamaa hata ukiunyanyua unabaki umepinda kama mkia wa nge. Jirani aliyekuwa akiilaza yake nje chini ya turubai hakupata hasara hiyo. Tangu hapo nimeshika kanuni moja: baiskeli ama ikae penye baridi muda wote, katika kibanda au chini ya kifuniko, ama iingizwe ndani na kupanguswa jioni ile ile, kabla mwenyewe hajavua koti. Kuiingiza na kuitoa kila siku, ikayeyuka na kuganda bila kupanguswa, ndiko kunakoimaliza.

Vifaa vya kazi hii vinapatikana katika nyumba yoyote. Unahitaji ndoo au beseni, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sponji, mswaki wa zamani, brashi ya nywele laini, matambara manne au matano ya pamba, na mafuta ya mnyororo ya aina nzito inayostahimili maji. Trei pana ya plastiki, ya aina ile inayowekwa mlangoni kwa ajili ya viatu vyenye theluji, huokoa sakafu na huepusha ugomvi na mwenye nyumba.

Usafi wa jioni hauzidi dakika 5, nao ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Simamisha baiskeli juu ya trei, uiache kidogo barafu ilegee yenyewe. Usiibandue kwa bisibisi wala kuigonga kwa nyundo, kwa maana rangi hubanduka nayo, na chuma kilichobaki uchi hushika kutu haraka. Lowanisha tambara kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na sabuni, ulikamue, kisha pangusa fremu kuanzia juu kwenda chini, ringi zote mbili, na kranki pande zote. Chukua tambara jingine kavu, ushike mnyororo ndani ya kiganja na kuzungusha pedali kinyumenyume mizunguko kumi hivi, hadi tambara liache kutoka na unyevu. Ukimaliza, weka tone la mafuta kwenye viungo vinavyoonekana vikavu tu. Mtu akikuambia kwamba hana nafasi ya kufanya haya kila jioni, mshauri ailaze baiskeli yake nje.

Osho kamili linatosha mara moja kwa juma, au kila baada ya juma mbili ikiwa barabara zimekuwa kavu. Kwa anayeosha nje, siku ya kuchagua ni ile joto linapopanda juu ya sifuri, kwa sababu maji yakimwagika kwenye baridi kali huganda juu ya rangi, ndani ya breki na juu ya njia ya waenda kwa miguu, na jirani akiteleza hapo lawama ni yako. Anayeishi ghorofani anaweza kutumia chumba cha kufulia cha chini ya jengo, ikiwa kanuni za jengo zinaruhusu, au bafu lake mwenyewe, alimradi atandike shuka kuukuu ili pedali zisikwaruze beseni la kuogea. Vituo vya kuoshea magari huvutia kwa kuwa vina maji ya moto, lakini mpira wake wa maji wenye msukumo mkali ni hatari. Maji hayo hupita kwenye sili za beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, na za kranki, huifukuza grisi na kubaki humo, na baridi ikirudi huganda humo humo. Ukilazimika kuutumia, simama mbali na usielekeze maji kwenye kitovu cha gurudumu wala kwenye shingo ya usukani.

Maji yawe ya uvuguvugu kama yale ya kumwogeshea mtoto. Maji yanayochemka huondoa grisi mahali inapotakiwa kubaki, na yakikutana na fremu iliyotoka kwenye baridi kali hayaifanyii rangi wema wowote. Matone machache ya sabuni katika lita 5 yanatosha. Anza na usukani na kiti, ushuke kwenye fremu, na umalizie magurudumu na mnyororo, kwa sababu uchafu wa mnyororo una mafuta na mchanga, na sponji iliyougusa haifai kurudi kwenye rangi wala kwenye breki. Tenga sponji moja kwa ajili ya sehemu hizo chafu, uikate pembe ili usiichanganye na nyingine. Macho ya wengi huishia kwenye fremu inayong'aa, lakini chumvi hujificha chini ya kranki, nyuma ya uma wa mbele, ndani ya madigadi, chini ya kiti, na kwenye vinati vidogo ambapo spoku hukutana na ringi. Hapo ndipo mswaki unapohitajika. Chini ya kranki fremu nyingi zina kitundu cha kutolea maji. Kichokonoe kwa kijiti, kwani kikiziba maji hukaa ndani ya fremu na kuilia kwa ndani. Kisha suuza kwa maji safi mara mbili, kwa sababu sabuni hulegeza chumvi tu, na kuiondoa ni kazi ya maji ya kusuuzia.

Breki za mipira inayobana ringi hukusanya mchanga na vipande vya alumini ambavyo hukwaruza ringi kila unaposimama. Pangusa ringi, angalia uso wa kila mpira, na uchomoe kwa sindano kila kinachong'aa. Breki za diski zinahitaji uangalifu wa namna nyingine: diski isiguswe na mafuta, wala kupuliziwa dawa yoyote ya kulainisha, bali ipanguswe kwa spiriti na tambara ambalo halijawahi kugusa mnyororo. Tairi za njumu, yaani zenye vijimisumari vya kushika barafu, hukaguliwa wakati huo huo, njumu zilizong'oka zikahesabiwa.

Mnyororo unastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa ndio unaoharibika kwanza na ndio unaoharibu meno ya gia. Hauhitaji kuoshwa kwa dawa kali ya kuondoa grisi kila juma, kwa sababu dawa hiyo huingia ndani ya viungo na kuyatoa mafuta ambayo huwezi kuyarudisha kwa urahisi. Mara moja kwa mwezi inatosha. Katika osho la kawaida, usugue kwa brashi na maji ya sabuni, uusuuze, kisha uukaushe kwa tambara hadi uridhike, halafu usubiri tena nusu saa, maana maji yaliyo ndani ya rola, vile vijigurudumu vya katikati ya viungo, hayaonekani. Mafuta yakiwekwa juu ya maji huyafungia ndani. Weka tone moja kwenye kila rola, si juu ya bamba za nje, ukizungusha pedali taratibu. Acha mafuta na viungo vizoeane kwa dakika 10, kisha ufute yote yaliyobaki nje. Mnyororo unaong'aa kwa mafuta ni mtego wa mchanga.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu kopo la WD-40 ambalo liko karibu katika kila nyumba. Herufi zake mbili zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na kazi hiyo inaifanya vizuri: ukipulizia kidogo kwenye mnyororo uliotoka kuoshwa, itasaidia kufukuza maji. Lakini mafuta yake ni mepesi, hayadumu kwenye theluji, na ukiyategemea peke yake utasikia mnyororo ukilia baada ya safari mbili. Yafute, kisha weka mafuta halisi ya mnyororo.

Mara moja kwa mwezi pima mnyororo kwa rula ya inchi. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 katika mnyororo mpya hufika inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na sehemu 1 ya 16, nunua mnyororo mwingine, kwa maana ukichelewa utanunua na gia pia.

Kukausha kuna hatari ambayo aliyezoea jua la nyumbani haitambui. Baiskeli iliyooshwa ikatolewa nje ingali na maji huganda mahali pabaya. Maji yaliyoingia ndani ya ala za waya hugeuka barafu, na unapovuta breki, waya haurudi. Maji yaliyoingia kwenye friwili, yaani kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinacholiruhusu kuendelea kuzunguka pedali zikisimama, au grisi nzito iliyogandishwa na baridi, huvizuia vikucha vyake vya ndani visifunguke, na pedali zikazunguka bure kana kwamba mnyororo umekatika, jambo ambalo likikupata katikati ya makutano ya barabara si la kuchekesha. Kwa hiyo inua kila gurudumu na kulidundisha chini mara kadhaa ili maji yatoke, lizungushe kwa kasi, pangusa kila kiungo, kisha iache baiskeli ndani usiku kucha, ikiwezekana mbele ya feni, mbali na redieta. Tone la mafuta mepesi kwenye midomo ya ala za waya huzuia maji kuingia. Friwili ikiganda, iingize baiskeli ndani iyeyuke, na likirudia, fundi aifungue na kubadilisha grisi kwa nyepesi. Kufuli lililoganda lisimwagiwe maji ya moto, kwani yataganda tena. Tumia dawa ya kuyeyusha barafu ya kufuli za magari.

Mwenye baiskeli ya umeme atoe betri kabla ya kuosha, apanguse ncha zake za kupitishia umeme kwa kitambaa kikavu, na asiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Aiingize ndani, aisubiri ipate joto la chumba, ndipo aichomeke.

Maji machafu yasimwagwe kwenye mfereji wa barabarani. Mifereji hiyo hupeleka maji kwenye maziwa ya mji na mto Mississippi bila kuyasafisha, na mafuta yaliyomo kwenye ndoo yako yatafika huko yalivyo. Yamwage kwenye choo au sinki. Chumvi yenyewe ina tatizo la ziada, kwani mamlaka ya mazingira ya Minnesota, jimbo ulipo mji huu, huwakumbusha wakazi kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, yaani kama lita 19, nayo ikishaingia majini haina njia rahisi ya kutolewa.

Linabaki jambo moja linalopaswa kufanywa kabla theluji ya kwanza haijaanguka, na watu wengi hulikumbuka Mei, wakati limeshawagharimu. Nguzo ya kiti ya alumini ikikaa ndani ya fremu ya chuma pamoja na maji ya chumvi, vyuma hivyo viwili hushikana kiasi cha kushindwa kutenganishwa. Ichomoe mwezi wa Oktoba, upake grisi, uirudishe, kisha fanya vivyo hivyo kwa pedali zote mbili, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa saa.