Somo: Kuweka filta kwenye kompyuta inayopozwa kwa maji, kwa tulioko Malindi na Lamu

Hapa Pwani, mtu akisikia kompyuta inapozwa kwa maji, huuliza kwanza: maji yetu yana chumvi, nikiweka filta si yatafaa? Hayatafaa. Chumvi iliyoyeyuka hupita kwenye wavu wowote kama haupo. Filta ninayoizungumzia hainuiwi kusafisha maji ya kisima wala ya bomba. Inanasa takataka zinazotoka ndani ya mfumo wenyewe: vipande vya risasi ya kuchomelea na dawa yake vilivyobaki ndani ya rejeta mpya (kile kifaa cha mapezi kinachopoza maji kwa feni), vumbi la mpira uliokatwa vibaya, na ule utando mweupe unaotoka kwenye mipira laini baada ya muda.

Kwa nini takataka ndogo hivyo zisumbue? Bloku inayokaa juu ya prosesa ina mapezi membamba ya shaba, na nafasi kati ya pezi na pezi mara nyingi haifiki nusu milimita. Chembe ikikwama hapo haitoki yenyewe. Maji hupungua mwendo, joto la prosesa hupanda, na mwenye mashine anabadilisha feni na kupaka upya krimu ya kupitisha joto bila mafanikio, kwa kuwa tatizo limejificha ndani ya bloku.

Hatua ya kwanza: osha rejeta kabla ya yote. Hapa ndipo filta inapopunguziwa kazi, na hapa ndipo wengi huruka. Jaza rejeta nusu kwa maji ya moto (yasiwe yanachemka), ziba matundu, tikisa kwa nguvu, mwaga kwenye beseni jeupe. Beseni jeupe litakuonyesha chembe nyeusi na vipande vinavyong'aa. Rudia mpaka beseni libaki safi, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa (mvuke uliokusanywa na kupozwa) ili madini ya maji ya bomba yasibaki ndani. Rejeta moja inaweza kuhitaji kutikiswa mara nyingi. Usichoke.

Hatua ya pili: chagua filta. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye kikombe kinachoonyesha ndani na wavu wa chuma kisichoshika kutu, lakini ukikosa, nenda duka la vifaa vya bomba. Hesi ya G1/4 (robo inchi) inayotumika kwenye kompyuta ni ya kipimo cha BSP, ileile wanayoitumia mafundi bomba wetu. Ulizia kichujio cha shaba nyeupe (brasi) chenye umbo la herufi Y. Kina wavu ndani na nati moja chini ambayo ukiifungua unatoa wavu bila kugusa mipira. Kikubwa kidogo, cha nusu inchi, ni bora kuliko cha robo inchi kwa sababu wavu wake ni mpana na hauzibi upesi. Utanunua na vipunguzio vya kukirudisha kwenye robo. Ukiuangalia wavu, matundu yake yawe madogo kuliko nafasi za mapezi ya bloku yako.

Kataa kilichopakwa zinki na kataa cha alumini. Bloku na rejeta nyingi ni shaba, na alumini au zinki ikikaa na shaba ndani ya maji yaleyale, ndiyo italiwa kwanza. Utakuwa umenunua kifaa cha kunasa uchafu kinachozalisha uchafu.

Usishawishike pia na zile filta za maji ya kunywa zenye katriji ya mikroni 5. Nafasi ya milimita 0.3 ni mikroni 300, kwa hiyo mikroni 5 ni uchujaji ambao bloku haiuhitaji kabisa. Isitoshe, katriji hizo hutegemea msukumo wa bomba la mtaa, bar 2 au 3 hivi. Pampu ya D5, ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu katika kazi yetu, huweza kuinua maji karibu mita 4 tu, yaani bar 0.4. Itahangaika. Na zile za mkaa hufyonza dawa ya kuzuia mwani uliyoitia kwa pesa zako.

Hatua ya tatu: mahali pa kuifunga. Iweke baada ya rejeta na kabla ya bloku, mshale wa filta ukifuata mwendo wa maji. Usiiweke kati ya tangi na pampu. Pampu inataka maji yaingie bila kizuizi. Ukiibana mdomo itavuta hewa na kupiga kelele. Funga koki mbili ndogo, moja kila upande wa filta, ili siku ya kuisafisha usimwage mfumo mzima. Shaba nyeupe ni nzito, kwa hiyo ishikilie kwa kibano kwenye kasha, isining'inie kwenye fitingi. Fitingi inayoingia kwenye bloku au tangi la plastiki iwe ya hesi iliyonyooka na oringi (pete ya mpira), ikazwe kwa mkono. Ya hesi inayopanuka, yenye tepu nyeupe, itapasua plastiki.

Hatua ya nne: jaza na ujaribu. Tumia maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma chupa: kuna ya kuongezea betri na kuna asidi, na kwa mazoea ya kuongea zote huitwa maji ya betri. Chomoa umeme wa mazabodi na kadi ya picha, washa pampu peke yake, tandaza karatasi za tishu chini ya kila kiungo, uache saa kadhaa. Ukiweza, siku nzima.

Fungua wavu baada ya wiki ya kwanza, kisha baada ya mwezi. Ukikuta ni safi, miezi sita inatosha. Zima mashine kabla ya kufunga koki. Pampu isizunguke maji yakiwa yamezuiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Shela, Lamu: Assalaam alaykum mwalimu. Maji ya visima vya huku Shela ni matamu, ndiyo yanayonywewa mji mzima. Nikiyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ni matamu kweli, mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga. Lakini utamu wa mdomoni si kukosa madini. Ukichemsha, mvuke unaondoka na madini mengi yanabaki sufuriani. Anayeweza kuukusanya mvuke huo ukapoa kwenye chombo safi, huyo ndiye mwenye maji ya kutumia.

Kutoka Malindi mjini: Kaka, je, maji yanayotoka kwenye AC? Nakusanya ndoo nzima kwa siku.

Hayana madini mengi, kweli, lakini yamepita juu ya koili yenye vumbi, na yana vijidudu. Yatumie kusuuza rejeta kwa nje, maana upepo wa bahari huacha chumvi kwenye mapezi yake. Ndani usiyatie.

Kutoka Lamu mjini: Fundi, filta ya petroli ya bodaboda ni bei rahisi na inaonyesha ndani. Itafaa?

Hapana. Nyingi zina karatasi, na karatasi ikikaa ndani ya maji hulegea na kuachia nyuzi, ambazo huenda moja kwa moja kwenye bloku. Midomo yake pia ni myembamba kuliko mipira yetu.

Kutoka Watamu: Shikamoo. Nina ile seti ya kupoza kwa maji inayonunuliwa ikiwa imeshafungwa kiwandani. Niikate niweke filta?

Marahaba mwanangu. Usiikate. Nyingi kati ya hizo zina rejeta ya alumini na bamba la shaba, na zinavumiliana kwa sababu ya dawa iliyotiwa kiwandani. Ukimwaga dawa hiyo ukatia maji mengine, kutu itaanza. Safisha vumbi na chumvi kwenye mapezi ya nje, angalia feni. Pampu ikichoka, badilisha nzima.

Kutoka Malindi, tena: Wavu wangu una kitu cheupe kama ute. Ni ukungu?

Chukua kidogo usugue kati ya vidole. Kikinata kama gundi, ni mafuta yanayotoka kwenye mpira laini unaoonyesha ndani. Badilisha mipira, weka ile myeusi ya EPDM. Kikiteleza na kunuka, ni viumbe hai: mwaga, suuza mara kadhaa, na safari hii usisahau dawa.