Pima sahani moja mara mbili: asubuhi na usiku

Kliniki yetu iko karibu na bandari ya Kilindini, kwa hiyo napokea walinzi na watu wa zamu ya usiku kila wiki. Lalamiko lao ni moja: "Sista, nakula kilekile, mbona sukari inapanda?" Chakula ni kilekile, ndiyo. Saa ndiyo imebadilika.

Karibu kila seli mwilini ina saa yake. Jeni za CLOCK na BMAL1 huziwasha jeni za PER na CRY. Protini za hizi za pili zikijaa, hurudi kuzizima zile za kwanza, kisha huvunjwa na mzunguko unaanza upya, takriban kila saa 24. Kongosho, linalotoa insulini ya kushusha sukari, nalo lina saa hiyo. Panya walioondolewa BMAL1 kwenye kongosho walipata kisukari. Usiku melatonini, homoni ya usiku, hupanda na insulini hutoka kwa uvivu, hasa kwa wenye aina fulani ya MTNR1B, jeni ya kipokezi cha melatonini. Huna haja ya kupimwa jeni, glukometa (kile kifaa kidogo cha kupima sukari ya damu) inatosha.

Kabla ya yote: kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, au una mimba, zungumza na daktari wako kwanza.

1. Chagua mlo unaoweza kuurudia. Mahamri mawili ya muuzaji mmoja, upawa mmoja wa mbaazi za nazi, chai bila sukari.

2. Panga siku mbili. Siku moja ule saa moja asubuhi. Nyingine ule saa nne usiku, na tangu saa kumi alasiri usile kitu, maji ruhusa.

3. Nawa mikono kwa sabuni, ukauke. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mama mmoja alisoma 14.2 (namba zangu zote ni mmol/L), akaanza kulia. Nikanusa vidole vyake: embe! Alipokwisha kunawa tukasoma 7.1. Choma ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha. Panauma kidogo zaidi pale katikati, na kesho utakihitaji kidole hicho.

4. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Andika papo hapo.

5. Toa kipimo cha kabla kwenye kile cha baada. Tuseme asubuhi ulitoka 5.4 hadi 7.2, umepanda 1.8. Usiku ulitoka 5.6 hadi 9.1, umepanda 3.5. Rudia wiki inayofuata kabla ya kuamini, maana glukometa nzuri inaweza kukosea hadi asilimia 15.

6. Sogeza mlo. Sukari ikipanda sana usiku, kula wali wako saa kumi na moja jioni kabla ya kuvuka feri ya Likoni. Usiku wa manane mayai ya kuchemsha au njugu zitakushikilia, na hao wa viazi karai getini wapite tu.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0, njoo na daftari lako kliniki. Tutapima upya kwa damu ya mshipani.