Jinsi ya kuandaa kipindi cha "Tarehe kama ya leo": tufanye pamoja 17 Januari

Redio nyingi za kwetu Kivu zina dakika chache za historia kila asubuhi, kabla ya habari au mara baada yake. Mtangazaji anasoma: mwaka fulani alizaliwa fulani, mwaka fulani vita vilianza, mwaka fulani ardhi ilitetemeka. Mama anayepanga bidhaa zake Birere, mtaa wa biashara wa Goma, anasikia majina manane asiyoyajua, kisha wimbo unaingia. Dakika hizo zinaweza kubeba mengi kuliko hayo. Mimi huandaa kipindi hiki hapa Goma na kuwaelekeza vijana wanaoanza kazi ya redio, na hatua zifuatazo ndizo tunazozifuata. Nitatumia tarehe moja tangu mwanzo hadi mwisho: tarehe 17 mwezi wa kwanza.

Hatua ya 1: Kusanya kwanza, kuchagua baadaye

Chukua karatasi uigawe safu nne: tukio, mahali, saa, na nani anasema. Safu ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo itakayokuokoa msikilizaji akipiga simu kukubishia.

Kwa 17 Januari karatasi inajaa haraka. Mwaka 1706 Benjamin Franklin alizaliwa Boston. Mwaka 1942 Muhammad Ali alizaliwa Louisville, Marekani. Mwaka 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Katanga, na siku hiyo hiyo Rais Eisenhower aliwaaga Wamarekani kwa hotuba. Mwaka 1991 Marekani na washirika wake walianza kuipiga Irak kwa ndege. Mwaka 1994 tetemeko liliipiga Los Angeles, na mwaka 1995 jingine likaivunja Kobe, Japani. Mwaka 2002 Nyiragongo, mlima wa volkano ulio jirani nasi, ilipasuka na lava ikaingia ndani ya mji wetu.

Usifute kitu bado, hata kama unaona hakitufai.

Hatua ya 2: Tenganisha siku tatu zinazochanganywa

Tukio moja linaweza kuwa na siku lilipotokea, siku lilipotangazwa, na siku linapokumbukwa. Makosa mengi ninayoyasikia hewani yanatoka hapa.

Mtazame Lumumba. Alipigwa risasi usiku wa 17 Januari 1961, lakini watawala wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, walinyamaza. Tarehe 13 Februari ndipo waziri wao wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alipotangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo magazeti ya dunia nzima yenye kichwa kikubwa kuhusu kifo chake ni ya Februari. Kijana akipata gazeti la zamani akalisoma bila kujua hayo, atakuandikia Februari kwa moyo safi kabisa.

Mfano wa pili uko jirani kabisa. Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001, na serikali ikathibitisha kifo chake tarehe 18. Kalenda yetu ya taifa inamkumbuka tarehe 16, na kesho yake, 17, inamkumbuka Lumumba. Kwa kuwa siku hizo mbili za mapumziko zinafuatana, watu huzitaja kwa pumzi moja. Katika maandishi yako zitenge, kila moja na mwaka wake, maana kati ya vifo hivyo viwili kuna miaka 40.

Mlipuko wa 2002 nao una siku zaidi ya moja. Lava iliingia mjini tarehe 17, lakini tarehe 21 kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu. Ukisema wote walikufa tarehe 17, umewanyima hao siku yao, na jamaa zao wanaokusikiliza wataumia.

Hatua ya 3: Geuza saa kabla ya kuamini tarehe

Dunia haiamki pamoja. Tetemeko la Kobe lilipiga saa 11:46 alfajiri ya tarehe 17 kwa saa za Japani. Hapa Goma ilikuwa saa 4:46 usiku, bado tarehe 16. Usiku huo kambi za wakimbizi za Mugunga, Kibumba na Katale zilikuwa zimejaa watu waliokuja kutoka Rwanda mwaka 1994. Ukiwaambia waliokuwepo "jana usiku kabla hamjalala", wanaushika wakati huo mara moja. Vilevile mabomu ya kwanza ya Baghdad yalianguka kabla ya kupambazuka tarehe 17, wakati Washington ilikuwa bado jioni ya tarehe 16. Ndiyo maana vitabu viwili vizuri vinaweza kukupa tarehe mbili.

Kanuni yangu: tukio linabaki na tarehe ya mahali lilipotokea. Tofauti ya saa itaje tu pale inapofundisha kitu. Na ipo mara inafundisha sana. Lumumba na wenzake waliuawa karibu saa 3:40 usiku kwa saa za Katanga. Eisenhower alianza hotuba yake ya kuaga saa 2:30 usiku kwa saa za Washington, na wakati huo Lubumbashi ilikuwa saa 9:30 usiku wa kuamkia tarehe 18. Wafungwa walikuwa wamekufa karibu saa sita kabla rais huyo hajafungua kinywa, na dunia haikujua.

Kumbuka nchi yetu yenyewe ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma na Lubumbashi. Halafu saa za nyaraka za Kifaransa uzigeuze ziwe saa zetu kwenye karatasi, si hewani. Ukiona 21:40, andika saa tatu na dakika arobaini usiku. Ukisubiri kugeuza mbele ya maikrofoni, ulimi utakusaliti.

Hatua ya 4: Kalenda ya zamani

Hii ni fupi. Franklin alipozaliwa, makoloni ya Uingereza yalikuwa bado na kalenda ya kale, nayo ilisema 6 Januari. Uingereza ilibadili kalenda mwaka 1752. Kwa tukio lolote la kabla ya hapo kutoka nchi zake, angalia ni kalenda gani imetumika. Kama huwezi kuthibitisha, liache.

Hatua ya 5: Chagua matatu

Si manane. Moja la mtaani kwetu, moja la taifa, moja la mbali lenye njia ya kutufikia. Kwa 17 Januari mimi huchukua Nyiragongo, Lumumba na Muhammad Ali. Ali alizaliwa mbali, lakini tarehe 30 Oktoba 1974 alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane pale Kinshasa, katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Hahitaji kutambulishwa kwa mzee yeyote wa hapa. Los Angeles na Franklin nawaweka kando. Kobe naipenda, na mwaka ambao sina la kusema jipya kuhusu Ali, Kobe ndiyo inayoingia.

Usiyaunganishe matukio kwa nguvu. Kuna atakayetaka useme tarehe 17 ni ya mkosi kwa Kongo, kwamba mlima ulilipa damu ya 1961. Nyiragongo ilipasuka kwa sababu magma ilipata njia kwenye nyufa za ubavu wake wa kusini. Lumumba aliuawa kwa uamuzi wa watu: waliompeleka kutoka magharibi hadi Katanga wakijua kinachomngoja, viongozi wa Katanga, na maofisa wa Kibelgiji waliokuwepo wakati wa kuuawa kwake. Ukichanganya mkosi hapo, unawafutia hao wajibu wao.

Hatua ya 6: Andika kwa sikio, na mwaka usipotee

Kwa dakika tatu napata karibu maneno 300. Sentensi fupi, kitendo kimoja kwa sentensi. Nasoma kwa sauti mara nikimaliza kila aya.

Kwa sisi wa Goma kuna sharti moja ambalo silegezi. Mtu anaweza kufungua redio katikati ya kipindi akasikia "lava inashuka kuelekea uwanja wa ndege." Baada ya 2002, na baada ya 22 Mei 2021 mlima ulipopasuka tena, hakuna anayesubiri maelezo, atamshika mtoto na kutoka. Kwa hiyo: anza kwa kusema ni kumbukumbu, tumia wakati uliopita peke yake, rudia mwaka katika kila aya, na usiweke sauti za mlio wa watu au ngurumo chini ya maneno. Hata kama fundi wa sauti anazo nzuri.

Hivi ndivyo mwanzo unavyoweza kusikika:

"Hii ni kumbukumbu. Alhamisi, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ilipasuka upande wa kusini, upande wetu. Siku hiyo ya mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita kati ya maduka na nyumba, na usiku ikaingia ziwani. Watu walishika njia ya Gisenyi, wengine njia ya Sake. Miaka 41 kabla ya hapo, Jumanne tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961, ndege ilitua Lubumbashi ikiwa na wafungwa watatu..."

Majina ya watatu yataje yote. Mpolo na Okito husahaulika kila mwaka, nao walikufa usiku ule ule, mahali pale pale.

Hatua ya 7: Takwimu na wenye kumbukumbu

Idadi ya waliokufa mwaka 2002 inatofautiana kati ya ripoti na ripoti. Nasema "zaidi ya watu 100" na "zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba", basi. Tarakimu kamili isiyo na mwenyewe usiilete hewani.

Ukitaka sauti ya shahidi, usimuulize tarehe. Goma imeona milipuko mitatu mikubwa ya Nyiragongo: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Miwili ya kwanza ni ya mwezi mmoja, na kumbukumbu huiunganisha. Uliza: "Mama, ilianza asubuhi au jioni? Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa bado limesimama? Lava ilifika ziwani?" Ilianza asubuhi, ikaharibu kanisa kuu, ikafika ziwani: huo ni 2002. Ilianza jioni ya Jumamosi ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji: huo ni 2021. Ukijibiwa kwamba ilimaliza vijiji vya kaskazini na mji ukabaki, yaelekea unazungumza na mtu wa 1977, na hao wanapungua. Mrekodi kwa utulivu, muda wote anaoutaka, hata kama utatumia sekunde 20.

Hatua ya 8: Kadi ya mwakani

Baada ya kipindi, kila tukio lipate kadi yake, na kadi iwekwe kwa tarehe, si kwa mwaka. Andika pia ulichotangaza na simu zilizoingia. Kadi ya Lumumba ni ya kufunguliwa upya mara kwa mara: Februari 2002 Ubelgiji iliomba radhi, tarehe 20 Juni 2022 jino lake, ambalo askari polisi wa Kibelgiji alilichukua wakati wa kuuangamiza mwili, lilirudishwa kwa familia, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Kila moja ya tarehe hizo ni kipindi kingine. Ziandikie kadi zake leo, uziweke kwenye sanduku la Februari na la Juni.