Mapigano ya haki katika mchezo wa kuigiza kwa maandishi: somo kwa wageni, na maswali ya wanachama

Ninaliandika somo hili ili libandikwe juu, kwa sababu swali la "nani kashinda?" limeulizwa hapa mara nyingi kuliko subira yangu inavyoruhusu. Hadithi yetu ya sasa inatokea Mombasa, Waomani wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu, yaani kati ya Machi 1696 na Desemba 1698, na kila mchezaji huandika mhusika mmoja. Hatuna ubao wala picha. Upanga ni maneno, jeraha ni maneno, na kifo pia ni maneno, kwa hivyo haki yote ya pambano imo katika namna unavyoandika zamu yako.

Hatua ya kwanza: kabla ya pigo la kwanza, kubalianeni mahali, silaha, na iwapo mhusika anaweza kufa.

Hatua ya pili: andika zamu yako, kisha ungoje ya mwenzako kwa saa 24 bila kumsukuma.

Hatua ya tatu: andika jaribio, usiandike matokeo. Ukiandika, "Ninachomoa jambia, ninamchoma Mwinyi Kombo tumboni, naye anaanguka akilia," umekwisha kucheza zamu mbili, yako na yake. Andika hivi: "Ninachomoa jambia na kulielekeza chini ya mbavu zake, upande ambao ngao haijafika, uzito wangu wote ukiwa kwenye mguu wa mbele." Maneno ya mwisho ndiyo yanayoonyesha ufundi, maana yanampa mwenzako mahali pa kushika: anaweza kuupiga ule mguu. Waliozoea mashairi ya kujibizana, tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa mshairi hulifunga fumbo na kulifumbua humwachia aliyetupiwa.

Hatua ya nne: kubali kuumia. Hapa ndipo pambano letu la lango la ngome lilipovunjika, na walioshiriki wanakumbuka kwamba hakuna aliyevunja hatua ya tatu hata mara moja. Kila mmoja aliandika majaribio mazuri, na kila mmoja akayakwepa ya mwenzake. Mikuki ikapita kando ya sikio, risasi zikagonga matumbawe, watu wakarukaruka siku nzima bila hata mmoja kupata mchubuko, mpaka wawili wakaacha kuandika kwa uchovu. Tahadhari, basi. Asiyepigika amevunja haki sawasawa na yule anayepiga bila kukosa, na mimi humwona kuwa mbaya zaidi kwa sababu hujificha nyuma ya adabu. Kanuni yetu ni kwamba katika kila mapigo matatu unayoelekezewa, moja lazima likuguse, na wewe ndiye utakayechagua mahali na kiasi. Jeraha likishaandikwa linabaki: mkono uliokatwa kano katika zamu ya pili haunyanyui upanga katika zamu ya tano. Tahadhari nyingine ni juu ya muda. Zamu moja ni kama pumzi moja, kwa hivyo ina kinga moja na pigo moja, wala si mapigo sita na hotuba. Mwenye bunduki ya gumegume akishafyatua atie baruti na risasi, ashindilie, ndipo alenge tena. Hata kwa askari aliyezoea hiyo ni kama nusu dakika, nasi tunaihesabu kuwa zamu tatu bila moto.

Hatua ya tano: mhusika wako anajua alichokiona na kukisikia yeye, hajui ulichokisoma wewe. Ikiwa mwenzako ameandika kwamba amejificha nyuma ya birika, usigeuke ghafla kumtazama.

Hatua ya sita: mkishindwa kukubaliana, tupeni dadu mbilimbili. Tofauti ya jumla zenu ikiwa 1 au 2 ni mkwaruzo, 3 hadi 5 ni jeraha, na 6 au zaidi ni kuanguka. Mkitoka sare, silaha zimegongana.

MASWALI

Mpiga Mbizi: Assalamu aleikum. Mhusika wangu ni jini, hapigiki. Inaruhusiwa?

Jibu: Wa aleikumu salaam. Hatua ya nne.

Mpiga Mbizi: Lakini majini wapo, ndugu yangu, na silaha haiwadhuru.

Jibu: Sikukataa kuwa wapo. Nimekataa wasiopigika humu ndani.

Bi Mwanasiti: Shukrani kwa somo, mwalimu. Ningependa kujua kwa nini tunatupa dadu mbili, ilhali moja ingetosha kumpata mshindi.

Jibu: Umeuliza vizuri, dada yangu. Dadu moja haina upendeleo, kwa hivyo 1 na 6 hutokea kwa urahisi ule ule, na pambano huwa bahati nasibu. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia: jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, lakini 2 ina njia moja tu, na 12 vilevile. Matokeo mengi hukusanyika katikati, na maajabu huwa machache, kama ilivyo kwa wapiganaji wawili wa kweli. Ukitaka mhusika wako awe fundi wa upanga, omba aongezewe 1 kwenye jumla, nawe umpe udhaifu mmoja ulioandikwa wazi, mathalani jicho bovu. Tumieni dadu ya Telegram, kwa kuwa inatupwa na seva na si na simu yako. Atakayefuta ujumbe ili atupe tena amepoteza zamu.

Nahodha Mweusi: Jana mimi na Mwinyi, nani kashinda?

Jibu: Bwana Nahodha, soma sentensi ya kwanza ya somo.

Kijana wa Kuze: Kwa heshima zote, msimamizi, mbona mhusika wako mwenyewe alisalimika mapigo matatu mfululizo pale Ndia Kuu?

Jibu: Hakusalimika. Pigo la pili lilivunja ngao na kidole, na tangu hapo anashika upanga kwa mkono wa kushoto. Zamu zote bado zipo, zirejelee. Hata hivyo nakubali kwamba kidole hicho nilikitaja kwa maneno matatu katikati ya aya ndefu. Jeraha liandikwe mwanzoni mwa zamu, mwenzako asilazimike kulitafuta.

Bi Mwanasiti: Na je, mazingira yanaweza kumdhuru mhusika? Nataka kuleta mashua usiku chini ya ngome.

Jibu: Yanaweza, na hayana upande. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; chagua usiku wa mwezi mwandamo, maana mwezi mpevu utakuangazia mbele ya walinzi. Kumbuka pia saa: bamvua hapa kwetu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na maji huwa yamekupwa karibu saa nne, tofauti ikizidi mita 3. Ukija saa nne usiku utakwama kwenye mwamba, na mlinzi ana haki ya kuandika hivyo bila dadu.

Mzee wa Jahazi: Niongeze kwamba merikebu za Waomani zilifika mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukielekea kwisha. Anayetaka mhusika wake apeleke barua Maskati aungoje upepo wa kusi, asituandikie kwamba amefika baada ya siku mbili.

Jibu: Ahsante, mzee. Hilo litaingia katika hatua ya kwanza, pamoja na silaha: taja mwezi, upepo na maji kabla ya kuanza.

Nahodha Mweusi: Nimesoma. Kumbe ilikuwa tutupe dadu.

Jibu: Mbilimbili, Bwana Nahodha. Mwinyi anakungoja.