Namna ya Kucheza Kandanda ya Kanuni za Kimataifa

Mchezo huu ulizaliwa kwa kukutana kwa mataifa mawili yenye kandanda zinazofanana lakini haziwezi kuchezwa pamoja: Waireland na kandanda yao ya Kigaeli, na Waaustralia na kandanda yao ya mpira wa umbo la yai. Timu ya Waaustralia ilifika Ireland kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na mashindano rasmi yakaanza mwaka 1984. Kila upande ulitoa kitu chake: uwanja wa mstatili na mpira wa duara vimetoka Ireland, ilhali ruhusa ya kumkaba mpinzani kwa mikono imetoka Australia.

Ukitaka kuufundisha, anza na lango, kwa sababu ndilo linaloamua namna wachezaji wanavyofikiri. Chukua lango la soka na urefushe nguzo zake mbili kwenda juu kwa miti iliyonyooka, kisha simika nguzo nyingine moja kila upande, umbali wa mita sita na nusu hivi. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya na kutikisa nyavu, timu hupata pointi 6. Ukipita juu yake katikati ya nguzo ndefu, pointi 3. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ya pembeni, pointi 1. Mshambuliaji aliye karibu hulazimika kuchagua: amkabili kipa atafute 6, au apige juu ajihakikishie 3.

Kila timu huwa na wachezaji 15 uwanjani, kipa akiwamo, na mechi huwa na robo nne. Anayekimbia na mpira mkononi hawezi kwenda nao moja kwa moja, bali kila baada ya hatua chache ataudundisha chini au ataudondosha kwenye ncha ya kiatu na kujirudishia mikononi. Ufundi huu wa pili ndio mgumu kuliko yote: kidole cha mguu kielekee juu kidogo, na mguso uwe mwepesi, vinginevyo mpira utakutoroka. Kumpa mwenzako mpira kwa mkono ni kwa kuupiga, si kuurusha.

Atakayeudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kabla haujagusa chini hupewa pigo huru, hata kama wapinzani wamemzunguka. Aliyekabwa naye lazima auachie mpira mara moja.

Refa awe mkali juu ya ukabaji, ambao unaruhusiwa kati ya mabega na mapaja tu. Vurugu za mfululizo wa mechi wa mwaka 2006 zilisababisha ule wa 2007 kufutwa, na hilo ni pigo zito kwa mashindano ambayo kombe lake, tangu 2004, linabeba jina la Cormac McAnallen, nahodha wa timu ya kandanda ya Kigaeli ya kaunti ya Tyrone, Ireland, aliyefariki mwaka huo akiwa na umri wa miaka 24 tu.