Maziwa ya kopo kwa kichanga: namna ya kuchagua, kukagua na kukoroga salama

Wazazi wenzangu, mtu akianza tu kutumia maziwa ya kopo swali la kwanza huwa ni kopo gani zuri, na hapo kila jirani atakutajia lake, shangazi lake, dada wa duka la dawa lake. Sawa, kopo ni muhimu, ila kopo zuri likifika kwenye jiko lenye maji ya vuguvugu na vijiko vya kukadiria linageuka hatari vilevile, kwahiyo ntaongelea yote mawili. Maziwa ya mama ndo namba moja, hilo halina mjadala, lakini kuna kichanga mama yake kafariki, kuna mama yuko kwenye dawa ambazo daktari kamwambia asinyonyeshe, hao ndo naongea nao hapa na naomba mtu asije kuwasimanga.

Dukani anza na namba. Kopo la 1 ni la kuzaliwa mpaka miezi 6, la 2 ni kuanzia miezi 6, la 3 ni mtoto aliyevuka mwaka. Usimpe mtoto wa miezi miwili kopo la 2 eti analia sana labda hashibi. Na maziwa ya unga ya kawaida yale ya chai, hata kama ni ya kopo na yana picha ya familia inacheka, sio ya kichanga kabisa, protini na chumvi yake ni nyingi mno kwa figo za mtoto mchanga. Vivyo hivyo ya ng'ombe mpaka afikishe mwaka. Ya kupima kwenye mfuko wa nailoni usiguse, hujui ni ya lini, hujui yamechanganywa na nini, na hayana maelekezo.

Shika kopo ulizungushe. Kama limebonyea pale kwenye maungio ya juu au chini, lina kutu au limevimba, rudisha. Angalia tarehe ya mwisho kama imekwanguliwa au kuna stika imebandikwa juu yake, na ukiiona stika ya hivyo usiulize hata bei. Ukifika nyumbani, ukifungua mfuniko wa plastiki lazima ukute ile karatasi ya fedha imebana kote, ikiwa imeachia hata upande mmoja usikoroge. Halafu kuna hii ya kusoma baakodi kwamba zikianza na 690 basi yametengenezwa China, jamani zile namba zinaonyesha tu nchi ambako kampuni ilisajili hiyo baakodi (Kenya ni 616, Tanzania 620), hazikwambii maziwa yametengenezwa wapi. Soma maandishi yanayosema kiwanda kiko nchi gani, na nunua duka linalotoa risiti.

Hofu ya China yenyewe ina sababu. Mwaka 2008 kule maziwa yalikuwa yanaongezwa maji, halafu ili yasigundulike wanaweka melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kipimo cha protini kilikuwa kinapima naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni, basi maziwa yaliyochakachuliwa yakawa yanafaulu vipimo. Watoto karibu 300,000 waliugua, mawe kwenye figo, na 6 wakafariki. Hakuna mama ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho au kulionja. Na sio China tu, Ufaransa mwisho wa 2017 maziwa ya kiwanda cha Lactalis pale Craon yalikutwa na bakteria wa salmonela yakaondolewa sokoni kwenye nchi 83, Marekani 2022 kiwanda cha Abbott cha Sturgis, Michigan, kikasimama kwa ajili ya bakteria aitwae kronobakta. Kwahiyo piga picha chini ya kopo, pale penye namba ya bechi, kabla hujalitupa. TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya) wakitangaza kuondoa bidhaa sokoni wanataja bechi, sasa kama kopo lilishaenda jalalani utajuaje kama ni lako?

Sasa jikoni, hapa ndo naomba msome taratibu. Unga wa maziwa SIO tasa, hata wa kopo la bei mbaya. Kronobakta anaweza kukaa kwenye unga mkavu muda mrefu, na kwa kichanga chini ya miezi miwili au njiti analeta homa ya uti wa mgongo. Ndo maana WHO, shirika la afya duniani, wanasema maji ya kukorogea yasipungue nyuzi joto 70 za Selsiasi, yaani moto unamuua huyo bakteria ndani ya unga, sio kwenye maji. Makopo mengine yanaandika tumia maji yaliyopoa, hasa yale yenye bakteria rafiki maana moto unawaua nao, kwa mtoto mdogo hivyo au njiti muulize daktari kwanza.

Huna kipimajoto? Chemsha maji lita moja, zima, na usipitishe nusu saa kabla ya kukoroga. Maji machache yanapoa haraka zaidi kwahiyo usisubiri hivyo. Chupa ya chai inasaidia usiku, ila ijaze maji yaliyochemka muda wa kulala, ukimimina hayatoi mvuke wa nguvu chemsha upya. Maji ya chupa ya dukani nayo yanachemshwa. Na walioko Arusha na Meru kwenye floraidi, au Dar kwenye visima vya chumvi, kuchemsha hakuondoi hivyo vitu, kunavizidisha, tafuta maji mengine ya mtoto.

Vyombo vioshwe kwa sabuni na brashi mpaka ndani ya chuchu, halafu vichemshwe vikiwa vimezama. Kikombe kidogo ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na hata kichanga anaweza kunywea.

Weka maji kwanza, unga baadae, ukianza na unga maji yanapungua. Tumia kijiko cha kopo hilohilo maana kopo moja ni kijiko kimoja kwa mililita 30 na lingine ni tofauti, chota bila kushindilia, kata juu kwa kisu kisafi kikavu kiwe flati. Kuzimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunashusha chumvi mwilini mpaka mtoto anapata degedege, na kuzidisha unga kunamkausha maji. Kama hela haitoshi ongea na nesi mapema, usizimue. Tikisa, poza kwenye beseni la maji baridi yasifike kwenye mfuniko, dondoshea ndani ya kifundo cha mkono usikie kama hayaunguzi. Yaliyokaa saa mbili mwaga, aliyobakiza mwaga.

Kopo lililofunguliwa likae pakavu, sio kwenye friji, na liishe ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi ni mwezi.

Mtoto akipata homa, akagoma kunyonya, akalegea, akapata degedege au kuharisha damu, hospitali saa hiyohiyo na kopo ubebe.